Rangi ya Kutu

Saa nane usiku, Julai, baridi ya Nairobi
imepenya dirisha lililozibwa kwa katoni.
Kitanda cha kumi na moja kimekohoa.
Nimekinga kikombe chini ya kidevu chake,
nimengoja, kama mtu anayengoja chenji.

Sista Jebiwott alinifunza wiki ya kwanza:
usiandike "machafu". Uchafu ni wa sakafu.
Usiandike "mengi". Mengi kama nini?
Andika rangi. Andika uzito. Pima.
Nusa, hata kama hutaki kunusa.
Sema kama ameyatoa kwa nguvu zake mwenyewe
au umeyavuta kwa mpira, na mara ngapi.
Daktari hatakuja kuona kikombe, alisema,
atakuja kuona maneno yako.

Basi nainamisha kikombe kwenye mwanga wa simu.
Makohozi hayateremki. Yameshikilia plastiki
kama mlenda wa bamia iliyolala.
Vijiko viwili, labda viwili na nusu.
Rangi,
hapo kalamu inasimama.
Juzi ilikuwa njano, jana kijani.
Leo kuna wekundu ndani yake
usiokubali kuitwa damu.

Fomu imeniachia mstari mmoja, upana wa kidole.
Naandika: mazito, yananata, mililita kumi na mbili,
hayana harufu, rangi ya kutu.

"Umeandika nini?" anauliza Wabwire
chini ya barakoa ya oksijeni: neno, pumzi, neno.
Miaka ishirini na sita amekunja mabati Kamukunji,
masanduku ya wanafunzi wa bweni,
makarai, majiko.
Vidole vyake juu ya blanketi la kaunti
bado vimejikunja, vinashika nyundo isiyokuwepo.

Namsomea. Si desturi, namsomea tu.
Anaitaka kazi yenyewe. Anakitazama kikombe
jinsi fundi anavyotazama kiungo cha fundi mwingine.
"Kutu," anasema, "ni ya chuma kilichoachwa.
Hii..."
Namngoja.
"Hii ni ya bati lililotoka motoni sasa hivi."

Kitabu changu kilisema kutu. Mtihani ulisema kutu.
Namhesabia pumzi: thelathini na nne kwa dakika.
Joto: thelathini na tisa nukta mbili.
Motoni, kweli.

Nampigia daktari wa zamu.
"Rangi?" anauliza, na usingizi kooni.
"Kutu."
Kimya, kisha kiti kinaburutwa.
"Nakuja."

Asubuhi nakabidhi. Atsango anapitisha kidole
chini ya mstari wangu, anasoma kwa sauti,
anafika pembeni, pale nilipobana herufi:
mgonjwa anasema si kutu, "ni bati lililotoka motoni".
"Na hii nayo umeiandika?"

Nimeiandika. Kwa alama za kunukuu,
kama tulivyofunzwa: neno la mgonjwa
libaki la mgonjwa.

Wabwire amelala, ubavu wa kulia juu.
Dawa inadondoka polepole kwenye mshipa.
Kikombe kipya, kikavu, kiko karibu na mkono wake.