Euro Tatu kwa Mwezi

Kabla daktari hajasema neno, Kęstas,
sanduku langu la barua pepe lilishajua.
Nilimwandikia dada yako mistari minne tu:
umekonda, hulali, damu imepelekwa maabara Vilnius.
Kesho yake, pembeni mwa skrini,
mawe ya makaburi, punguzo asilimia ishirini,
kuchonga jina ni bure.

Bure.
Nililitazama neno lile hadi chai ikapoa.

Unajua nilikofanya kazi. Posta kuu, hapa Kaunas,
miaka kumi na mmoja nikipanga bahasha kwa mitaa,
na ghorofani kulikuwa na chumba kisicho na namba
ambamo birika lilichemka kutwa
na hakuna aliyeteremka na kikombe.
Barua zilirudi kwetu na gundi mbichi,
kingo zimevimba kidogo, kama midomo ya mtoto aliyelia.
Nilizipanga. Sikuuliza.
Siri ya mtungi aijuaye kata, husemwa;
mimi nilikuwa mkono ulioishika.

Kwa hiyo usinicheke kwamba baada ya mazishi,
na miaka yangu sabini na miwili,
nilianza kuzitafutia barua zangu nyumba nyingine.
Ugnius, mjukuu wa jirani, aliniandikia katika daftari la mapishi,
ukurasa wa supu baridi ya bitiruti:
seva ziko nchi gani, na sheria za huko zinasemaje;
barua hufungwa mezani kwako, au hadi ifike kwao;
na wanakula nini, watu hawa, kama hawakuli wewe?
Hilo la mwisho nililipigia mstari.

Mmoja alidai namba yangu ya simu ili anihifadhie usiri.
Nikamfungia dirisha.
Mwingine alitundika picha ya kufuli la dhahabu,
na chini yake maandishi madogo kama mayai ya chawa:
huenda tukawashirikisha wabia wetu.
Wabia. Hata wale wa ghorofani walikuwa na jina zuri.

Kisha, katika droo ya nyembe zako, risiti.
Euro tatu kwa mwezi. Miaka minne.
Anwani nisiyoijua.

Sikulala. Alfajiri niliwaandikia wenye kampuni,
nikaambatisha cheti cha kifo, na cha ndoa,
nikaomba, nikatisha, nikaomba tena.
Akajibu mtu, si mashine; jina lake Solveig:
"Pole sana, mama. Akaunti tunaweza kuifuta.
Kuisoma hatuwezi. Si kwamba hatutaki:
ufunguo haukuwahi kuwa kwetu.
Alikuwa nao mumeo."

Nilikulaani, Kęstas, kwa sauti, jikoni.
Nilijaribu jina la mbwa, tarehe ya harusi,
timu yako ya kikapu na mwaka ilipokuliza.
Mlango haukutikisika.
Mwanamke? Deni?
Au daktari, na yale uliyotaka niyajue mwisho?

Siku ya tatu nikateleka birika.
Mvuke ukapanda kiooni,
na vidole vyangu vikakumbuka uzito wa bahasha zile, zingali vuguvugu.
Miaka kumi na mmoja nilimngoja mtu mmoja,
wa ghorofa yoyote,
aseme: hatuwezi.

Nimelipa. Mbili, yangu na yako,
mwaka mzima, kutoka pensheni:
ni mikate mweusi ishirini na minne, nimehesabu.
Nywila yangu ni maneno sita yasiyofahamiana;
nimeyaandika kwa penseli, na mahali
sikwambii hata wewe.

Barua ya kwanza nimekutumia.
Haikurudi.
Imelala mle ndani pamoja na zako,
gundi yake kavu.