Hamsini, Mia, na Kile Kingine

Tenywa alikileta Walukuba kimeviringishwa kanga,
kikuza sauti cha vali mbili, bati tupu bila rangi,
akakitua mezani kwa mikono miwili kama bakuli la uji moto.
"Kinavuma," alisema. "Kinanivumia masikioni
hata muziki haujaanza."

Nilivaa hedifoni.
Kweli: mzinga mzima.

Swali la kwanza huwa la kitoto: ukipunguza sauti, mvumo unapungua?
Nilizungusha kitufe mpaka mwisho wa kushoto.
Muziki ulizama. Mvumo ulibaki palepale,
mgeni aliyekwisha kuagwa, anaomba chai.
Basi hauingii na wimbo. Umo ndani.

Nikachomoa waya wa kuingizia. Umo.
Nikabadilishana vali, ya kulia kushoto, kwa kitambaa, maana zilichoma. Umo.
Nikazigonga kwa ncha ya penseli:
moja ilijibu *ting*, kijiko kwenye glasi,
lakini hilo ni kosa lingine, lina siku yake.

Kuna mvumo wa hamsini na kuna mvumo wa mia.
Wa hamsini ni mto wenyewe,
maji yaliyosukuma mapanga kule bwawani,
yakapanda nguzo, yakapita mita ya mwenye nyumba,
yakafika sikioni mwa mtu.
Wa mia ni mwanawe, oktavu moja juu, mwenye kukwaruza;
huyo ukimsikia, shika kapasita zilizokauka.
Nilitega sikio.
Mnene. Wa chini. Mto.

Saa mbili kasoro umeme ukakatika, bila hodi wala kwaheri.
Feni ya saluni ya jirani ikazubaa.
Nami nilikuwa bado nimevaa hedifoni,
simu ya Tenywa ikicheza kwa betri yake,
vali bado za moto, kapasita bado zimeshiba,
na kwa sekunde mbili, labda tatu,
embaire ililia peke yake, bila nyuki hata mmoja.
Tenywa alinisikia nikicheka gizani.

Volti mia mbili hazina habari kwamba umeme umekatika.
Nilizimwaga kupitia rezista, nikahesabu hadi sitini,
nikapima, nikapima tena,
mkono wa kushoto mfukoni
kama alivyonikaripia Bi. Mudondo hadi nikazoea.
Kisha tochi mdomoni, nikapindua bati.

Kikulacho ki nguoni mwako.
Waya za kuwashia vali zililala sambamba
na waya mwembamba wa sauti, ubavu kwa ubavu,
wapangaji wawili wa chumba kimoja,
na mmoja anakoroma.
Nilizisokota kama kamba ya mbuzi,
nikazisukuma pembeni, zikabana kona ya bati,
nikalehemu upya. Moshi ulipanda kwenye mwanga wa tochi
na Tenywa akakohoa kwa adabu.

Asubuhi umeme ulirudi.
Kimya. Kimya cha kweli, mpaka nikadhani nimekata kitu.
Tenywa akabonyeza simu: mjomba wake na wapigaji watano,
kaseti ya zamani, mbao zikikimbizana,
na chini ya mbao,
mvumo.

Sikumtazama usoni.
Nilizungusha kitufe kushoto: ukazama pamoja na muziki.
Nikarudisha: ukarudi nao.
Haukuwa hamsini. Haukuwa mia.
Ulikuja nyuma ya kila pigo zito, ukakaa kidogo, ukaondoka.

"Walirekodia wapi?"
"Kwetu. Wakati huo hakuna nguzo hata moja."
"Sasa kinachovuma ni nini?"
Alivua hedifoni, akanishangaa kama mtu aliyeulizwa maji ni nini.
"Embaire inalazwa juu ya vigogo vya migomba," alisema,
"na chini yake tunachimba shimo."
Akanionyesha kina chake kwa kiganja: kiunoni.

Nilirudisha skrubu nne.
Kwenye risiti nikaandika:
*waya zimesokotwa;
vali ya kushoto inalia ting, ije mwezi ujao;
shimo halikuguswa.*