Tarakimu Nne

Kabla ya jeki, kabla ya spana, napiga goti.
Malori ya Malaba yanapita yakitingisha makopo ya gundi,
Jiwe la Tororo liko mgongoni pangu,
nami nafuta tope kwa kidole gumba
nikitafuta kidirisha, ukubwa wa ukucha,
chenye tarakimu nne.

Wabwire amesimama, funguo zinamlia mkononi.
Nyumba yake ya magurudumu ameinunua mnadani:
ina kitanda, ina jiko, ina pazia la maua.
Miaka na miaka ilikaa uani kwa wahandisi,
kuku wakitagia chini yake.
Kesho anaivuta mpaka Moroto
akaigeuze duka la miwani.

"Tazama kashata," anasema, "hata kovu hazina.
Matairi haya hayajatembea, Nyafwono. Yatazeekaje?"

Yatazeekaje.
Mbili, tisa, moja, moja:
wiki ya ishirini na tisa, mwaka wa kumi na moja.
Julai.
Julai ile kibanda hiki kilikuwa cha mume wangu.
Mimi nilileta chakula tu,
nikangoja sahani.

Mpira, Wabwire, hauhesabu maili peke yake.
Unahesabu jua la saa nane, ubavu mmoja, ule ule.
Unahesabu uzito wa kitanda kisicholaliwa,
na upepo unaotoroka usiku
kidogo, kidogo, bila kuaga.
Tairi linalotembea hujikanda, hujipaka mafuta yake kwa ndani;
lililosimama hukauka
na sura ile ile ya ujana.

Naubonyeza ubavu. Nyufa zinafumbuka,
nyembamba, nyingi, visigino vya kiangazi.
"Ingiza ukucha."
Anaingiza.
Ukucha unazama.

"Basi nitakwenda polepole."

Polepole! Ukishaipita Mbale
lami ya mchana haijui polepole.
Na trela halina usukani wa kukunong'oneza.
Gurudumu la gari likipasuka, mikono hujua kwanza;
la trela likipasuka utajulia kiooni,
nyumba yako, na kitanda chake, na pazia lake la maua,
ikitaka kukupita.

"Spea!" anaruka, kama aliyekumbuka shamba la urithi.
"Kuna spea, haijagusa ardhi tangu iumbwe."
Tunalala chali, tunaifungua kutoka tumboni mwa nyumba,
vumbi linatumwagikia machoni.
Kweli. Vinyweleo vya kiwandani bado vimesimama,
laini, kama masikio ya mtoto mchanga.
Nafuta. Nafuta tena.
Tarakimu ziko tatu.

Tatu tu, Wabwire.
Hii ilizaliwa karne iliyokwisha,
walipokuwa hawaoni haja ya tarakimu ya nne.

Anacheka kwanza. Halafu anakaa juu ya ndoo,
anahesabu noti, anazihesabu upya
kana kwamba zinaweza kuzaana njiani.
Mawili leo. La tatu, miwani ikianza kununulika.
Nayafunga, nakaza nati kwa msalaba,
namwambia azikaze tena akifika Mbale,
naye anaitikia kama mtu anayeitikia mahubiri.

Yale ya zamani nayachana mbavu kwa kisu,
kila moja mara tatu, mbele ya macho yake.
"Mbona unayaua?"
Pale kona yupo Ochwo na kopo la rangi nyeusi na brashi.
Kabla jua halijatua yangekuwa mapya,
na kesho yangekuwa chini ya mtoto wa mtu.

Ameondoka. Pazia la maua limepungua, limepungua,
barabara imelimeza.

Naosha mikono kwa petroli, kisha kwa sabuni.
Nyuma ya kibanda, chini ya turubai,
pikipiki ya marehemu imeegemea ukuta.
Kila Jumamosi naijaza upepo.
Kashata nzuri, hata kovu hazina.
Tarakimu ziko upande wa ukutani.