Mkanda wa Tatu

Sinema ilivuka na meli hadi Nansio, makopo matatu;
Lugezi akaanza na la tatu.
Kwenye ukuta wa ghala la pamba
wakaoana kwanza,
kisha wakarushiana sahani,
mwisho wakapishana stesheni, hawajuani,
bwana akamwinulia bibi kofia, kwa adabu.

Tulicheka. Jenereta ikakata,
tukaendelea kucheka gizani.
"Hawa angalau wamesema kweli," alisema Nyamizi.
Mumewe akammenyea karanga, kimya.

Miaka ikapita. Mwanza mjini nikaiona ilivyopangwa:
kofia, sahani, harusi.
Ukumbi mzima ukapiga makofi, taa zikawashwa,
mfagiaji akaanza na safu za nyuma.
Mimi bado nimekaa,
namsubiri yule bwana
ainue kofia.