Usaili wa Saa Nane Usiku

Saa nane usiku, Kirumba.
Shati la kaka Shija, tai ya msibani,
chini ya meza kaptula na ndala.
Kompyuta ya kuazima nimeiegemeza kwenye debe.
Vankuva kwao bado ni jana, mchana.

Kazi yenyewe ni kushauri makampuni,
nami sijamiliki hata kioski.

Umefanya kazi wapi? wananiuliza.
Mwaloni, nasema, miaka sita,
mizani ya dagaa, kalamu sikioni.
Hawacheki. Mmoja anaandika.

"Kuna kampuni," anasema mama mwenye miwani,
"mauzo huanguka siku kumi kila mwezi.
Utamfukuza nani?"

Nanyamaza.
Jenereta ya jirani inakohoa.
Namkumbuka Mama Limi na daftari la madeni lililolowa,
akigoma kumtimua mvuvi aliyerudi na ndoo tupu:
Mwezi ukiwa mpevu, dagaa hawaifuati taa.
Mnamgombeza mtu kwa kosa la mbingu?

"Kwanza simfukuzi mtu," nasema.
"Nauliza mbalamwezi yenu ni ipi.
Wateja wanalipwa mishahara lini?
Kodi ya nyumba wanatoa tarehe ngapi?"

Kimya.
Nyuso zimeganda kwenye kioo,
mdomo wa mmoja wazi
kama sangara kwenye barafu.
Nimekosea, au ni mtandao?
Naanza kupigia hesabu bando lililobaki,
na shati, ambalo Shija analitaka alfajiri.

Sauti inarudi kabla ya picha:
"...hapo pa mwezi. Rudia hapo pa mwezi."

Nalegeza tai.