Kikombe cha Kumi na Nne

Saa moja asubuhi niko majini Igombe,
mabuti ya mpira hadi pajani, upawa wa wavu mkononi,
nachota konokono kwenye magugu
huku wafua nguo wakinicheka:
"Mwalimu, leo unapika nini?"
Mimi si mwalimu. Mimi ni mtu wa kuhesabu.

Maabara ina meza moja, taa nne, vikombe arobaini vya kioo.
Kila konokono na kikombe chake, kila kikombe na namba yake.
Nawasha taa. Nasubiri.
Mwanga ukimkolea, mwenye wageni tumboni huwatoa:
vijidudu vyenye mkia uliopasuka mwishoni
hupanda majini kama vumbi lililopata akili.
Asiye na mgeni hukaa tu, akalamba kioo.
Naandika kwa kalamu ya risasi:
cha kumi na tatu, wapo.
Cha kumi na nne, hakuna.

Ng'ambo ya ua ni wodi ya watoto.
Nkwimba katoka Kome, miaka saba,
taya la kushoto limetuna
kama aliyeficha kiazi asije akamgawia nduguye.
Mama yake, Nyanzobe, alimaliza kwanza
waganga watatu na mbuzi wawili.
Simcheki. Mimi nimemaliza miaka kumi na mmoja kwa konokono.

Daktari Rwezaula hupima urefu, hupima uzito,
kisha hukokotoa eneo la ngozi ya mtoto
kama bwana shamba apimaye jaruba la mpunga,
ndipo ajue dawa kiasi gani.
Dawa yenyewe haina rangi. Ilianza kuwa ua,
lile la waridi, petali tano, liotalo kwenye makopo ya rangi
nje ya nyumba za Mabatini, bila kuombwa na mtu.
Wakemia walikamua majani, rundo juu ya rundo,
wakapata punje isiyotosha kukoleza mchicha.
Nyanzobe alisikia hayo akanyamaza.
"Lile nililokuwa nikilifyeka?"
Ndilo. Lakini usilichemshe, mama, ni sumu.
"Najua. Mbuzi wangu hawakuligusa hata siku moja."
Nikaandika hilo pia, pembeni mwa daftari.

Wiki ya tatu nywele zilibaki kwenye mto,
miguu ikamtambaa siafu wasioonekana,
lakini kiazi kilinywea
na mdomo ukarudia kazi yake ya maswali.
Alikuja dirishani kwangu na kofia ya sufi ya mtu mzima.
"Konokono wanaumwa?"
Sijui.
"Wanajua kwamba wana wadudu?"
Sijui.
"Sasa wewe unajua nini?"
Nikamvutia kiti, nikamwonyesha pa kuweka jicho kwenye hadubini.
Alitazama muda wa uji kupoa.
"Hawa," akasema, "tumeoga nao."
Kisha akamchagua wa kumi na nne, kwa kuwa hana kitu,
akampa jina: Maduhu.

Sokoni Kirumba neno hakuna ni njaa:
hakuna dagaa, hakuna mafuta, hakuna chenji.
Huku kwetu nalisaka kama dhahabu ya Geita.

Ijumaa walimchoma Nkwimba mgongoni,
wakachukua matone ya maji, maangavu kama ya vikombe vyangu,
wakampelekea Mugeta wa chumba cha pili, naye huhesabu.
Mama alikaa kwenye benchi akishika kile kiatu kimoja
ambacho mtoto alikataa kukivaa.

Mlango wa Mugeta umefungwa. Nasikia kiti chake kikisogea.
Nawasha taa zangu, vikombe arobaini,
leo naanza na cha kumi na nne, kinyume cha utaratibu.
Maduhu ametoa pembe zake mbili
anapanda kioo, hana haraka,
wala haachi kitu nyuma yake.