Herufi Tatu

Seyran mchonga mawe hulipwa kwa herufi.
Jiwe la zamani lilipasuka katika tetemeko,
hili jipya ni jeusi, la mlimani kwetu Gyumri.
Ana chaki sikioni. Anauliza:
"Babu yako aliandikwaje?"

Ninatoa vyeti viwili.
Cha kwanza cha njano, na muhuri wa kanisa:
Hmayak Ter-Aristakesyan.
Cha pili cha serikali, mwaka wa thelathini na saba:
Hmayak Aristakesyan.
Jina lile lile, limenyolewa.

Ter ni Bwana. Ndivyo alivyoitwa kasisi wa kijiji,
yule aliyeoa, akazaa,
akalima shayiri yake kama watu,
na Jumapili akabariki mkate.
Wajukuu hawakurithi joho wala shamba.
Walirithi silabi moja, wakaitanguliza
kama taa mbele ya mwenye nyumba.
Na ile yan ya mwisho? Hiyo ni "wa kwao" tu,
kila mtu anayo, hata anayetudai.

Zikaja zama ambazo wa ukoo wa kasisi
hapewi kadi ya mgao wala dawati chuoni.
Babu alikuwa na miaka ishirini na mbili,
na mchumba, na viatu vya kuazima.
Karani hakuinua macho.
"Nikate wapi?" aliuliza,
kama anayepima kitambaa.
"Hapo," babu akasema. "Kwenye kistari."

Husemwa mkataa kwao ni mtumwa.
Husemwa na walioshiba.

Nyumbani hatukulitaja.
Kulikuwa na kijiko kimoja cha fedha,
mpini wake una T iliyochakaa,
nami utotoni niliamini ni T ya tatik,
yaani bibi, kwa kuwa ndiye aliyekilia.
Nilikuwa na miaka arobaini na moja
nilipokiona cheti cha njano
chini ya sanduku la cherehani,
nikakaa sakafuni na kijiko mkononi,
supu ikaungua.

"Kistari nacho ni herufi?" namuuliza Seyran.
Anafikiri kwa muda mrefu, mtu wa haki.
"Kistari sikitozi. Ila ndicho kigumu,
patasi huteleza."
Anapima tena kwa kidole na dole gumba.
Maua ya pembeni keshayachonga,
nafasi iliyobaki ni ya jina fupi.
"Itabidi nianzie ukingoni kabisa,
nje ya maua."
"Anzia huko."

Anaandika kwa chaki, anafuta, anaandika.
Kisha, bila kugeuka:
"Na wewe, Nvard? Pasipoti yako inasemaje?"

Upepo ulikuwa unapeperusha vumbi la mawe.
Nilimuuliza bei ya herufi tatu.